Kuhifadhi Magazeti ya Zamani ya Hadithi za Picha kwa Skana: Somo kutoka Mtunda, Bonde la Rufiji

Utangulizi

Mwezi Julai mwaka 2024, miezi mitatu baada ya mafuriko yaliyozikumba Wilaya za Rufiji na Kibiti, nilifika Mtunda pamoja na wanafunzi wangu wa fizikia kukagua vifaa vya umeme wa jua. Kazi ilipokwisha, mwalimu mmoja mstaafu wa hapo kijijini alitukaribisha nyumbani kwake. Baada ya chai alitoa sanduku la bati lililoanza kushika kutu, akalifungua mbele yetu.

Ndani yake mlikuwa na magazeti 41. Mengi yalikuwa matoleo ya zamani ya Sani, machache yalikuwa ya Film Tanzania, na juu yake palikuwa na daftari kubwa ambamo mwalimu alikuwa amebandika vipande vya vikatuni vya Chakubanga alivyovikata kutoka gazeti la Uhuru. Alivikusanya kwa mshahara wake mwenyewe alipokuwa akifundisha madarasa ya watu wazima. Wanafunzi wake, wakulima wa mpunga na wavuvi, walikwisha kuzijua herufi, lakini hawakuwa na la kusoma. Kwa hiyo kila Ijumaa aliwapa gazeti la picha. Waliovutwa na kicheko walijikuta wamemaliza ukurasa mzima.

Sanduku hilo lilikuwa limewekwa kwa ndugu yake bondeni, na maji ya mafuriko yalilifikia. Magazeti ya chini yalilowa. Kwa nia njema yalianikwa juani, nayo yakakauka yakiwa yamejikunja, yamegandamana, na kingo zake zikawa zinamomonyoka kama majivu. Mwalimu akaniuliza, “Daktari, ninyi wenye mashine, hizi zaweza kupona?”

Makala haya ni jibu la swali hilo. Yanakusudia kumweleza msomaji kwa nini karatasi ya namna hii hufa upesi, skana inaionaje picha, ni nukta ngapi zinazotosha kuinasa kwa ukamilifu, na nakala iliyopatikana itunzwe vipi. Yataeleza pia kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe, ili wengine wasilirudie.

Je, vichekesho vinastahili kuhifadhiwa?

Huenda msomaji akaona kwamba fedha na muda vingefaa kutumika kwa hati za maana zaidi. Hebu tulitazame jambo hili kwa makini.

Hadithi za picha kwa Kiswahili si jambo la jana. Katika miaka ya 1950 jarida la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa tayari likichapisha hadithi za picha. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi. Hapa kwetu, Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru miaka ya 1960, hata jina la mhusika huyo likatambulikana nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walianzisha Sani. Jina lenyewe ni silabi za mwanzo za majina yao wawili. Humo wasomaji walikutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na wenzao. Miongoni mwa wachoraji wake alikuwemo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana.

Mchoraji wa vichekesho hulazimika kuchora vitu ambavyo mwandishi wa ripoti hapati sababu ya kuvitaja: kanga ilivyofungwa, foleni nje ya duka, kiti cha kinyozi, taa ya kandili, bei iliyoandikwa kwa chaki, mkao wa mtu anayemwogopa mkubwa wake. Maneno yaliyomo midomoni mwa wahusika ni Kiswahili cha mtaani cha wakati ule, pamoja na misemo iliyokwisha kutoweka. Kwa mtafiti wa lugha au wa historia, hayo ni data.

Kuna sababu ya pili. Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua walikuwa wamepungua hata kuwa chini ya asilimia 10. Tunazo ripoti za kampeni ile. Lakini vitu walivyovisoma watu hao kwa hiari yao, jioni, bila kulazimishwa na mtu, vimo katika masanduku kama la mwalimu wa Mtunda.

Vitu vya namna hii huwa adimu kwa sababu vilipokuwa vingi havikuthaminiwa. Toleo la kwanza la Action Comics lilichapishwa Marekani mwaka 1938 na kuuzwa kwa senti 10. Watoto walilisoma wakalitupa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa kwa wingi ili zitumike upya. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa kwa dola milioni 6. Sisemi kwamba magazeti yetu yatauzwa kwa bei hiyo. Ninachosema ni kwamba karatasi iliyofungiwa maandazi hairudi tena.

Kwa nini karatasi ya gazeti hufa mapema

Karatasi ni mkeka wa nyuzi za selulosi. Kila uzi umefanywa kwa molekuli ndefu zilizoungana kama mnyororo, na nguvu ya karatasi inategemea urefu wa minyororo hiyo. Inapokatwakatwa, karatasi huwa dhaifu, ingawa kwa macho yaonekana nzima.

Miswada ya Kiswahili ya karne ya 18 na ya 19 iliandikwa kwenye karatasi iliyotengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ambayo ni selulosi karibu tupu. Ndiyo sababu mingi imedumu. Mambo yalibadilika katika karne ya 19. Mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller wa Ujerumani alivumbua njia ya kusaga mti na kuufanya rojo la karatasi. Karatasi ikawa rahisi sana, lakini ndani yake mlibaki lignini, yaani kitu kinachoshikilia nyuzi za mti pamoja. Lignini ikipata mwanga na oksijeni hubadilika na kuleta rangi ya manjano, kisha ya kahawia. Zaidi ya hayo, ili wino usisambae, karatasi nyingi zilitiwa utomvu wa msonobari pamoja na shabu, na shabu huleta asidi. Asidi pamoja na unyevu huikata minyororo ya selulosi. Kwa hiyo gazeti huanza kufa siku ile ile linapozaliwa.

Joto huongeza kasi ya kifo hicho. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemia hukaribia kuwa maradufu. Aidha, unyevuanga ukizidi asilimia 65 hadi 70 kwa muda mrefu, kuvu hupata nafasi ya kuota. Msomaji anayekaa delta ya Rufiji hahitaji kuambiwa kwamba hali hizo mbili kwake ni za kila siku. Ongeza mchwa, mende, na kutu ya pini za stepla inayokula karatasi katikati ya gazeti, utaona kwamba miaka 45 ya sanduku la mwalimu wetu tayari ilikuwa mingi.

Huduma ya kwanza kwa karatasi iliyolowa

Kabla ya kufikiri mashine, hapana budi kuiokoa karatasi yenyewe. Jambo la kwanza ni muda: karatasi iliyolowa huweza kuanza kuota kuvu baada ya siku mbili tu. Jambo la pili ni kutoianika juani. Jua hukausha upande mmoja haraka kuliko mwingine, na karatasi hujikunja; mwanga wake mkali huongeza kuoza kwa lignini. Karatasi ikaushwe kivulini penye upepo, ikitandazwa juu ya chandarua safi kilichotandwa ili hewa ipite juu na chini.

Magazeti yenye jalada la karatasi ya kung’aa yana hatari yake. Utando wa udongo mweupe na gundi unaoleta mng’ao huyeyuka kidogo ukilowa, kisha hugandisha kurasa zikikauka. Kwa hiyo kurasa hizo zitenganishwe zingali mbichi, na kati yake iwekwe karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Zikisha kugandamana na kukauka, zisibanduliwe kwa kisu. Zisubiri mtu mwenye ujuzi.

Wazee wa Rufiji walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili wakae mashambani bila kudhurika na maji wala wanyama. Busara hiyo hiyo yafaa kwa karatasi: sanduku lisikae chini sakafuni, wala lisiegemee ukuta wenye unyevu.

Skana inavyoiona picha

Skana ya mezani ni kioo bapa, na chini yake kuna taa ndefu na safu ya vihisi vidogo vya mwanga. Taa inapotembea, mwanga hugonga karatasi na kurudi. Sehemu nyeupe hurudisha mwanga mwingi, na wino mweusi hurudisha mdogo. Kila kihisi hupima kiasi kilichorudi na kukiandika kwa tarakimu. Hivyo ukurasa mzima hugawanywa katika nukta nyingi mno, ziitwazo pikseli, na kila nukta huwa namba. Hiyo ndiyo maana ya picha ya dijitali: ni jedwali la namba ambalo kompyuta huweza kuligeuza likawa picha tena.

Wingi wa nukta hupimwa kwa kila inchi moja. Ili kulielewa jambo hili, tuchukue mfano wa wavuvi wa delta. Anayetaka papa hutumia jarife lenye matundu makubwa, na samaki wadogo hupita. Anayetaka uduvi hawezi kutumia jarife. Hutumia nguo au wavu wa matundu madogo kabisa. Skana nayo ni wavu. Matundu yake yakiwa makubwa, mistari minene ya picha itanaswa, lakini mistari myembamba itapita na kupotea, wala hakuna fundi wa kompyuta atakayeweza kuirudisha baadaye. Anaweza kubuni kitu kinachofanana nayo, lakini kubuni si kuhifadhi.

Nukta ngapi zatosha?

Inchi moja ni milimita 25.4. Skana ikiwekwa kwenye nukta 200 kwa inchi, kila nukta huwa na upana wa milimita 0.127. Kwenye nukta 300 huwa milimita 0.085, na kwenye 600 huwa milimita 0.042.

Sasa tuseme mchoraji ametumia kalamu yenye ncha nyembamba, na mstari wake una unene wa milimita 0.2. Kwa nukta 200 mstari huo utapata nukta moja na nusu tu. Utaonekana umekatika hapa na kunenepa pale, kwa vile skana haina nusu ya nukta. Kwa nukta 300 utapata zaidi ya mbili. Kwa nukta 600 utapata karibu tano, nazo zatosha kuonyesha mahali mkono ulipokandamiza kalamu na mahali ulipolegeza. Tofauti hiyo ndiyo inayotutambulisha mkono wa mchoraji mmoja na wa mwingine.

Nadharia ya jambo hili ilianza kwenye simu. Harry Nyquist mwaka 1928, na baadaye Claude Shannon mwaka 1949, walionyesha kwamba ili kunasa wimbi kwa ukamilifu lazima lipimwe angalau mara mbili katika kila mzunguko wake. Kanuni hiyo ni muhimu tunapofikia picha za kamera, kama zile za Film Tanzania. Mtambo wa kuchapa hauwezi kutia wino wa kijivu. Hutia wino mweusi au hautii. Kwa hiyo kijivu hufanywa kwa vitone, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga. Katika karatasi ya gazeti safu za vitone hivyo mara nyingi ni 65 hadi 85 kwa inchi. Kwa safu 85, kanuni ya mara mbili yadai nukta 170. Lakini hicho ni kiwango cha kujua kwamba kitone kipo, si cha kujua umbo lake. Isitoshe, safu za vitone zikikaribiana na safu za nukta za skana, huzuka michirizi kama mawimbi juu ya picha, ambayo haimo katika karatasi. Mtu aweza kuyaona mawimbi ya namna hiyo akitazama vyandarua viwili vilivyopandana. Kwa nukta 600 kila kitone hupata nukta saba kila upande, umbo lake huonekana, na michirizi hupungua sana.

Mbona basi tusitumie 2400? Kwa sababu ya gharama. Ukurasa wa A4 una inchi 8.27 kwa 11.69. Kwa nukta 600 tunapata nukta 4,962 kwa 7,014, yaani karibu milioni 35. Kila nukta ya rangi huhitaji baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja ni megabaiti 104 hivi. Gazeti la kurasa 32 ni gigabaiti 3.3, na magazeti 41 ya ukubwa huo ni gigabaiti 137. Diski moja ya kawaida ya gigabaiti 1,000 yatosha. Tukipandisha hadi 2400, ukubwa huzidishwa mara 16, ilhali wino wa gazeti ulisambaa katika karatasi siku ulipochapwa, na hakuna habari zaidi ya kunasa. Kwa magazeti yetu, basi, 600 ni kiasi cha wastani chenye busara.

Jihadhari na tangazo la mwuzaji. Skana nyingi hutajwa kwa namba mbili. Namba ya kweli ni ile ya vihisi na lenzi. Ile kubwa zaidi hupatikana kwa kompyuta kukisia nukta za katikati, nayo haiongezi chochote.

Ama kuhusu simu ya mkononi, tusiidharau. Kamera ya nukta milioni 12 ina nukta 4,000 upande wake mrefu. Ukurasa wa A4 ukijaza picha yote, tunapata nukta kama 340 kwa inchi, ingawa lenzi ndogo hupunguza makali kidogo. Simu ikifungwa imara kwenye kigingi, ikitazama chini sawasawa, na mwanga ukitoka pande mbili bila kivuli, nakala yake ni bora mara nyingi kuliko kungoja skana ambayo huenda isifike.

Kwa nini rangi, hata kwa picha nyeusi na nyeupe

Hapa ndipo nilipokosea. Niliporudi Dar es Salaam nilichukua magazeti saba yaliyoharibika zaidi, kwa idhini ya mwalimu, nikayapitisha katika skana ya ofisini iliyokuwa imepangwa kwa ajili ya barua: nukta 200, nyeusi na nyeupe tupu. Katika mpango huo kila nukta hulazimishwa kuwa nyeusi kabisa au nyeupe kabisa. Madoa ya maji yaligeuka kuwa mabaka meusi, yakafunika maneno yaliyokuwa yakisomeka vizuri kwa macho. Nilipogundua wiki moja baadaye na kutaka kurudia, kurasa 11 zilikwisha kuvunjika vipande katika kugeuzwa kwa mara ya kwanza. Kurasa hizo sasa zimebaki katika nakala mbovu niliyoitengeneza mimi. Kwa karatasi iliyofikia hali ile, nafasi ni moja tu.

Ningenasa kwa rangi, madoa yasingekuwa tatizo. Skana ya rangi hupima kila nukta mara tatu: kwa nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa viwango 256. Doa la kahawia na karatasi iliyogeuka manjano hurudisha mwanga mwingi mwekundu na kumeza ule wa buluu. Kwa hiyo katika kipimo cha buluu doa huonekana jeusi, bali katika kipimo chekundu hufifia sana. Wino mweusi humeza rangi zote tatu, nao hubaki mweusi kote. Mtafiti akichagua kipimo chekundu pekee, doa husogea nyuma na maandishi husogea mbele, bila mtu kuigusa karatasi. Rangi, kwa hiyo, ni habari ya kisayansi hata pale mchoraji alipotumia wino mmoja.

Hatua za kazi

Kwa wale watakaopenda kuianza kazi hii mashuleni au vijijini, utaratibu ufuatao umetufaa:

1. Andika orodha kwanza: jina la gazeti, namba ya toleo, mwezi na mwaka, vipimo vyake, kurasa zinazokosekana, na jina la mwenyewe iwapo ameridhia litajwe.

2. Nawa mikono na kuikausha. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Pini zenye kutu ziondolewe kwa uangalifu, zisivutwe kwa nguvu.

3. Usilibane gazeti juu ya kioo hata mgongo ukavunjika. Likikataa kufunguka, tumia kamera kutoka juu, nalo lipumzike kwenye mito miwili.

4. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kila ukurasa. Karatasi ya gazeti ni nyembamba, na pasipo weusi huo picha za upande wa pili hujitokeza.

5. Weka rula na kadi ya rangi ya kijivu kando ya ukurasa wa kwanza. Rula itawaambia wajao ukubwa halisi, na kadi itawaambia kama rangi imepotoka.

6. Nasa kwa nukta 600 na kwa rangi. Zima marekebisho yote ya skana yanayojifanya yenyewe.

7. Nasa kila kitu: jalada, matangazo, kurasa tupu, na hata maandishi ya kalamu ya msomaji. Katika gazeti moja la Mtunda tulikuta pembeni mwa picha neno “nimesoma” lililoandikwa kwa mkono wa mtu mzima anayejifunza. Hilo nalo ni waraka wa historia.

8. Hifadhi nakala kuu katika faili la TIFF, ambalo halipunguzi kitu. Nakala ndogo ya JPEG, ambayo hutupa baadhi ya habari ili kupunguza ukubwa, itengenezwe kutoka ile kuu kwa ajili ya kusomwa.

Nakala ya dijitali nayo hufa

Wengi hudhani kwamba picha ikisha kuingia katika kompyuta imeokoka milele. Sivyo. Karatasi huzeeka polepole na hutuonya. Diski hufa ghafla, nayo huondoka na vyote. Ndiyo maana wahifadhi hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali mbali. Moto au maji yaliyofika Mtunda yasiweze siku hiyo hiyo kufika pale nakala ya tatu ilipo.

Kila faili lipewe pia muhuri wa tarakimu. Programu ya kompyuta husoma namba zote za faili na kutoa namba moja ndefu. Ikibadilika hata nukta moja, muhuri hutoka tofauti kabisa. Mara moja kwa mwaka mihuri ihesabiwe upya. Isipolingana, faili bovu lifutwe na nafasi yake ichukuliwe na nakala nzima. Baada ya miaka kadhaa, kabla diski hazijachoka, yote yahamishiwe kwenye vyombo vipya. Kuhifadhi kwa dijitali ni kama shamba la mpunga: halilimwi mara moja likaachwa.

Hayo yote hayaruhusu kuitupa karatasi. Skana haihifadhi uzito wa karatasi, wala namna wino ulivyozama, wala maswali ambayo bado hatujajua kuyauliza.

Ni mali ya nani?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa kanuni hiyo, kazi za msanii aliyefariki mwaka 1986 zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2036. Kwa hiyo kutengeneza nakala ya kuhifadhi ni jambo moja, na kuisambaza au kuiuza ni jambo jingine linalohitaji idhini ya wachoraji, wachapishaji au warithi wao.

Lakini lipo suala ambalo sheria haikulijibu. Nilipomwomba mwalimu idhini ya kuyachukua magazeti yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mtayachukua, mtayaweka vizuri. Nasi tutayasoma wapi?” Swali hilo lilinikumbusha miaka yangu ya masomo ng’ambo, nilipokuta majarida ya Kiswahili yamepangwa katika maboksi mazuri ya kijivu, mahali ambapo hakuna mkulima wa Rufiji atakayefika. Tangu mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi inayokusanya machapisho ya kanda hii. Hatuna haki ya kuwalaumu wanaotunza tulichokitupa. Tuna wajibu wa kutunza sisi wenyewe, na mahali pa karibu.

Hitimisho

Kati ya magazeti 41 ya Mtunda, 34 yamenaswa yote kwa nukta 600 na kwa rangi. Saba yana kasoro, na ya kurasa 11 haitarekebishika. Magazeti yenyewe yamerudi kwa mwenyewe, kila moja katika bahasha yake, ndani ya sanduku jipya lililoinuliwa juu ya matofali. Diski moja iko chuoni, nyingine iko kwa mwenzangu katika mkoa mwingine, na ya tatu iko Mtunda. Siku tuliyoirudisha, mwalimu aliwaita wanafunzi wake wawili wa zamani, sasa wazee wenye mvi, wakazitazama picha katika kompyuta ndogo. Mmoja alisoma maneno ya Chakubanga kwa sauti, polepole, kidole chake kikifuata mstari kwenye kioo, kama alivyofundishwa.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujafungia kitu kwa karatasi kuukuu, itazame kwanza.

Maswali ya kujadili

1. Mstari wa kalamu una unene wa milimita 0.1. Utapata nukta ngapi kwa 300 na kwa 600 kwa inchi? Ni kipi utakachochagua, na kwa nini?

2. Kwa nini doa la kahawia hufifia katika kipimo cha rangi nyekundu lakini wino mweusi haufifii?

3. Ulizeni wazee wa mtaani kwenu: ni magazeti gani ya picha waliyosoma wakiwa vijana, nani bado anayo, na yamewekwa wapi? Andikeni orodha.